Funga Koki Kwanza

Jumapili, 9 Machi

Nimevunjika mguu kwenye kizingiti changu mwenyewe. Ngazi mbili tu, nimezipanda na kuzishuka tangu nikiwa bibi harusi. Mvua ya kwanza ya msimu, beseni la nguo mikononi, kandambili zimekwisha soli. Jirani yangu fundi cherehani alisikia kishindo akadhani nimeangusha kabati.

Mwanangu akaja na gari. Sikuulizwa neno. Nilifungwa plasta kutoka kisigino hadi pajani, nikapakiwa kiti cha nyuma kama godoro, na sasa nimo chumba cha uani nyumbani kwake, katikati ya jiko na stoo. Dirisha lina nondo. Nje ya nondo kuna tangi la maji, nyuma ya tangi kuna ukuta, juu ya ukuta kuna vipande vya chupa. Hiyo ndiyo dunia yangu mpaka mvua iishe.

Naandika kwa sababu kiwandani tulizoea kuandika mwisho wa kila zamu, na kwa sababu humu ndani hakuna wa kugombana naye. Mwanangu anashinda kazini. Mke wake ndiye ninayebaki naye, na huyo hagombaniki. Ukimsukuma anasema "Sawa, Mama," anaondoka, na wewe unabaki umesukuma hewa.

Jumanne, 11 Machi

Mvua. Chai. Mvua. Plasta inawasha mahali ambapo mkono haufiki.

Jumamosi, 15 Machi

Leo nimejua kilichomo stoo. Mkamwana wangu anapika bia!

Mlango aliuacha wazi kwa ajili ya mvuke, nami kitandani nikaona kila kitu. Ana pipa la plastiki la bluu amelivika blanketi na kulifunga mkanda wa suruali ya mumewe. Chini ndani yake ameweka sinia alilolitoboa matundu kwa msumari, na ubavuni, chini kabisa, koki. Akamwaga kimea cha shayiri kilichosagwa, akamwaga maji ya moto, akakoroga, akafunika. Harufu ikanifikia. Harufu ya mkate unaoiva na asali. Nilikaa wima na plasta yangu kama askari aliyeitwa jina. Miaka ishirini na sita nimefanya kazi ndani ya harufu ile, chumba cha kuchujia, kiwanda kikubwa cha bia, na tangu nistaafu sikuwahi kuinusa tena.

Baadaye akafungua koki. Nilisikia kabla ya kuona. Mkondo, kisha matone, kisha kimya. Na yeye akafanya wanachofanya wote: akafungua zaidi.

Mwenye kuijua kazi hii anajua. Maganda ya nafaka yanatulia juu ya sinia na kuwa kitanda, na kitanda hicho ndicho chujio. Maji matamu yanashuka katikati yake polepole, huku juu unaongeza maji ya moto kuusuuza utamu uliobaki. Ukivuta kwa pupa kitanda kinajibana, na ukizidi kuvuta kinazidi kujibana, mpaka kinakuwa saruji. Maskini aliishia kuchota rojo kwa jagi na kulikamua kwenye shuka, akitoa maneno ambayo sikujua kama anayajua.

Ningeweza kumwambia. Sikumwambia. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi jembe sikupewa, basi sikulima.

Jumapili, 16 Machi

Mezani mkamwana aliongea, jambo la nadra. Kuna kiwanda kidogo cha bia kimefunguliwa nyuma ya uwanja wa mpira. Wanatafuta mpishi msaidizi. Kila anayeomba alete bia mbili alizopika kwa mkono wake, moja ya shayiri na moja ya ngano, katikati ya Mei.

Mwanangu anauza bima. Kazi hiyo imemharibu macho: akitazama kitu haoni kitu, anaona ajali. Mimi humwita Bwana Hatari. Akaweka kijiko chini taratibu.

"Na Mama nani atamwangalia?"

"Nilifikiri kufika Mei Mama atakuwa anatembea," mkamwana akasema.

"Ulifikiri. Mfupa wa mtu mzima unaujua wewe? Akianguka tena?" Akanigeukia. "Au siyo, Mama?"

Nikatikisa kichwa kukubali. Nakiri ilinipendeza kuwa sababu ya jambo, baada ya wiki nzima ya kuwa mzigo. Na nilitaka kuandaliwa chai na mtu, siyo kuachiwa chupa ya chai na redio.

"Sawa," mkamwana akasema, akaondoa sahani.

Jumatano, 19 Machi

Jirani amepiga simu. Kuku wangu wawili wamehamia kwake na hawana aibu. Paa linavuja juu ya kabati. Nataka nyumbani.

Jumamosi, 22 Machi

Kapika tena. Kumbe "sawa" yake siyo kukubali, ni kunyamaza tu.

Nilisikiliza kama mtu anayesikiliza mpira redioni huku akijua timu yake itafungwa. Mkondo. Matone. Kimya. Mlio wa koki ikifunguliwa mpaka mwisho. Kisha mwiko ukagonga pipa, paa, paa, kisha sikusikia chochote, na hicho kimya ndicho kilichonishinda. Alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyogeuzwa, uso ndani ya kanga, mabega yanatikisika.

"Funga koki!" nikapiga kelele.

Akaruka. "Mama?"

"Funga koki kwanza! Unamvuta nani hapo? Ukivuta kinazidi kubana. Funga!"

Akafunga. Akaja mlangoni, macho mekundu. "Mama unajua hivi vitu?"

"Mume wako amekwambia nilikuwa nafanya kazi gani?"

"Amesema ulikuwa ofisini."

Ofisini! Miaka ishirini na sita ya viatu vya mpira na mvuke, ada zake zote za shule zimepita kwenye chujio lile, na mimi nilikuwa ofisini. Hasira ilinipanda hadi kwenye plasta. Nikamwambia aniburute na kiti mpaka mlango wa stoo, na nikamtolea hasira ile kwa kumfundisha.

Kitanda kilichobana hukivuti, unakiinua. Chukua mpira wa maji, chomeka kwenye koki, upande wa pili weka faneli uinyanyue juu ya pipa. Mimina maji ya moto. Fungua. Maji yanaingia kwa chini, yanapanda kupitia matundu, na kile kitanda kinaelea chenyewe kama unga wa uji kabla haujashika. Koroga kidogo kwa juu tu. Acha kitulie. Ndipo ufungue tena, robo mzunguko, siyo zaidi, na yale ya kwanza yenye matope uyarudishe juu mpaka yashuke safi.

Ilichukua muda, lakini yakashuka. Siyo mengi, siyo meupe, lakini yakashuka. Aliyatazama yale maji kama mtu anayetazama mtoto akipiga hatua.

"Sawa, Mama," akasema. Ni mara ya kwanza neno hilo kuwa na joto.

Jumatatu, 24 Machi

Nimemwambia aniletee kiganja cha kimea. Nilipokishika nilicheka mpaka plasta ikaniuma. Huo siyo kimea, ni poda ya kumpaka mtoto mchanga! Maganda yamesagika yote. Chujio limeuawa kabla halijazaliwa.

"Anakusagia nani?"

"Bwana Mashine wa kona pale. Tena ananipitishia mara mbili, anasema mimi mteja wake mzuri."

Tukampigia Bwana Mashine simu, sauti juu. Nikamweleza: legeza mawe, punje ipasuke tu, ganda libaki zima.

"Mama shikamoo. Sasa hiyo ni kazi gani? Mimi watu wananisifia ulaini. Nikimpa mtu chenga, kesho mtaa mzima utasema mashine ya yule bwana imekufa."

"Marahaba. Nani atajua?"

"Wako kwenye foleni pale, Mama! Wanatia mikono kwenye magunia ya wenzao kama wanachagua viazi."

Hatimaye akakubali kwa masharti: mkamwana aende wakati hakuna foleni, gunia lifungwe mdomo palepale, na asimtaje.

Ijumaa, 28 Machi

Mvua imeingia chini ya mlango. Mkamwana amenipangia viatu juu ya kitanda, tukakaa wote wawili tumekunja miguu, yeye miwili, mimi mmoja.

Jumamosi, 5 Aprili

Bia ya shayiri imeshuka vizuri leo. Chenga za Bwana Mashine ni nzuri ajabu, na pembeni ya gunia aliandika kwa mkaa "CHAKULA CHA KUKU" asije akaaibika. Koki ilitaka kuziba mara moja tu, pale mkamwana alipokosa subira. Nilimgonga vidole kwa mkongojo.

Nimeanza kumpenda mtoto huyu, naye sijui kama ameona.

Alhamisi, 10 Aprili

Daktari wa mifupa amekata plasta ndefu akaniwekea fupi, chini ya goti. Goti langu! Jembamba, jeupe, linanuka, nililisalimia kama ndugu.

"Mama anaendelea vizuri," daktari akasema. "Anaweza hata kurudi kwake, ila awe na mtu mmoja wa kumsaidia kwa wiki chache. Maji, kuni, mambo ya kuinama."

"Atakaa kwetu," mwanangu akajibu kabla hajamaliza.

Nilisubiri mpaka kwenye gari, na hapo ndipo nilipoharibu. Nilisema nataka nyumbani. Akasema barabara mbovu. Nikasema watu wanapita kila siku. Akasema paa linavuja. Nikasema paa ni langu. Akasema, "Mama, kwako hakuna mtu." Nikapandisha sauti. Nikamwambia kwamba mimi siyo kabati la kuhamishwa, kwamba alinidanganyia kazi yangu kwa mke wake, kwamba mwanamke wake ana haki ya kwenda kuomba kazi. Kwa kila nilichosema alizidi kushika usukani. Tulipofika nyumbani uso wake ulikuwa umefungwa kabisa.

"Mama, usinivunjie nyumba," akasema, akaniteremsha kwa adabu zote, akanifunika blanketi, akazima taa.

Ijumaa, 11 Aprili

Asubuhi ameondoka na ufunguo wa geti.

"Wezi wamezidi," alimwambia mkewe. "Mtu akigonga, mko salama. Kitu mkihitaji nitaleta jioni."

Tumelisikia kufuli likibana. Mkamwana alisimama katikati ya uwanja na ndoo mkononi, mvua inamnyeshea, kama aliyesahau alikuwa anakwenda wapi. Hapakuwa na pa kwenda.

Jumatatu, 14 Aprili

Ameleta mkate, sabuni na sukari. Hakuleta ufunguo.

Alhamisi, 17 Aprili

Kikulacho ki nguoni mwako, na huyu nilimfulia nguo mwenyewe.

Jioni mvua ilikatika kidogo, mwanangu akakaa kibarazani na rafiki yake wa kazini. Hawakujua kwamba dirisha langu linapokea kila neno kwa sababu ya tangi. Sauti inagonga tangi inarudi kwangu.

"Mzee wako wa kike bado yupo?" rafiki akauliza.

"Yupo. Na abaki. Mama akiondoka tu, huyu mwenzangu naye kila asubuhi anavaa viatu. Kiwandani huko, na wanaume, na pombe. Sasa hivi nina sababu nzuri, hata ndugu zake wanaielewa."

Rafiki akacheka. Mwanangu hakucheka. Hilo nalitaja kwa haki: hakucheka.

Nilitazama mguu wangu juu ya mto. Nilidhani nimefungwa na mfupa, na mvua, na barabara. Kumbe mimi ndiye kufuli. Kila kikombe cha chai nilicholetewa humu, nilikuwa nambania mtu mlango. Nililia, sina sababu ya kuficha kwenye daftari langu mwenyewe. Nililia kwa sababu ni mwanangu. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na huyu nilimlea peke yangu, nikimfungia ndani kila zamu ili asipotee. "Usimfungulie mtu," nilikuwa namwambia. "Mama atarudi."

Jumapili, 20 Aprili

Nimemwambia mkamwana nilichosikia. Aliendelea kumenya kitunguu.

"Najua, Mama," akasema. "Nimejua siku nyingi. Nilidhani na wewe unajua."

Alidhani ninajua. Nilichukua kisu cha pili, tukamenya wote.

Jumamosi, 26 Aprili

Leo ilikuwa ngano, na ngano ni kazi nyingine. Haina ganda. Shayiri inajitengenezea chujio lake, ngano inatengeneza gundi. Ukiipika yenyewe utapata pipa la gundi, ndiyo maana kiwanda kidogo kile kimeiomba: wanataka kuona nani atakwama. Dawa yake ni makapi ya mpunga. Hayana ladha wala rangi, ila yanashikilia kitanda kisilale. Wenye mashine za kukoboa huyatupa.

Makapi yalikuwa kwa Bwana Mashine, na sisi tulikuwa nyuma ya kufuli, na bia isipopikwa leo haitaiva kabla ya katikati ya Mei. Mkamwana akampigia.

Tukasikia ngazi ikigonga ukuta kwa nje. Ikatokea kofia, kisha paji la uso, kisha Bwana Mashine mzima mweupe kwa unga uliolowana na mvua, anatandika magunia matupu juu ya vipande vya chupa.

"Shikamoo Mama. Mmefungwa nini, mna kipindupindu?"

"Marahaba. Tuna bima."

Akafikiri kidogo, akaamua asiulize. Akateremsha gunia la makapi kwa kamba. Kabla hajashuka akanong'ona kwa sauti iliyosikika mitaa miwili: "Ile bia ya chenga zangu, ikishinda, mnaweza kunitaja."

Tulisuuza makapi, tukayachanganya na kimea wakati kikiwa bado rojo. Nikamwambia kabla ya kuchuja apandishe joto, maana rojo la moto linalegea na la baridi linashika. Akapandisha mpaka kipimajoto kikafika sabini na tano na kidogo. Akaacha litulie. Mkono wake ukashika koki.

"Robo," nikasema.

Akafungua robo. Yakatoka matope, akayarudisha juu. Yakatoka tena, akayarudisha. Kisha yakaanza kung'aa. Mkondo mwembamba, unene wa penseli, rangi ya majani makavu, bila kelele. Akamimina maji ya kusuuza kwa kikombe, juu ya mwiko, yasichimbe shimo. Kulikuwa na wakati mkondo ulipungua na nikamwona anataka kufungua zaidi. Mkono ulikwenda, ukasita. Akapunguza badala ya kuongeza. Akasubiri. Mkondo ukarudi wenyewe.

Sikumwambia mimi. Alifanya mwenyewe.

Tulikaa pale mpaka tone la mwisho, yeye juu ya ndoo yake, mimi juu ya kiti changu. Katika msimu huu wote hiyo ndiyo saa moja ambayo sikujiona nimefungwa.

Jumapili, 27 Aprili

Nimewaza usiku na nimewaza asubuhi. Nikiondoka, mwanangu atamtuma mkewe anifuate kunihudumia, na mlango umefungwa upya kwa upande wa kule. Nikibaki, ndiyo hivi. Nikigomba, nimeshaona: nilimvuta garini, akabana.

Unamvuta nani hapo? Funga koki kwanza.

Sitamwambia tena neno. Nimempigia simu kaka yangu, mjomba wake, ambaye siri kwake ni kama maji kwenye tenga. Nikamwambia, kwa furaha ya kweli kabisa, kwamba mwanangu ana moyo wa dhahabu: amekusudia kuchukua likizo yake ya mwaka aje akae na mama yake nyumbani, ampikie na kumtekea maji mpaka atupe mkongojo. Bado hajatangaza, nikasema, ni mnyenyekevu.

Halafu nikampigia shangazi yake. Halafu jirani yangu fundi cherehani. Halafu mama mzazi wa mkamwana, aliyelia kwa furaha.

Jumanne, 29 Aprili

Mwanangu amerudi mapema, simu sikioni.

"Ndiyo, Mjomba. Ahsante, Mjomba. Hapana, bado sija... Ndiyo. Amina."

Akakata. Ikalia tena kabla hajaiweka mfukoni. Shangazi. "Amina, Shangazi." Akakata. Ikalia. Safari hii alikuwa mama mkwe wake, na kwa mama mkwe mtu hasemi hapana, husimama wima hata kwenye simu. Alisimama wima katikati ya sebule akasema, "Ni wajibu wangu, Mama," na nikaona maneno yale yakimtoka kama jino.

Alipomaliza alinitazama. Nilikuwa nasuka mkeka wa plastiki, au najifanya.

"Mama, umefanya nini?"

"Nimefanya nini? Ulisema mama hawezi kukaa peke yake. Nikafikiri, nikaona umesema kweli. Daktari naye kasema mtu mmoja."

"Mke wangu angeweza—"

"Mke wako sikumzaa. Nilikuzaa wewe."

Akafungua mdomo. Simu ikalia. Bosi wake wa ofisi ya bima: mjomba alimpigia hata huyo, kumshukuru mapema kwa ruhusa. Mkamwana alikuwa mlangoni mwa jiko na kitambaa mdomoni, mabega yanatikisika kama siku ile, ila sasa siyo kwa kilio.

Ijumaa, 2 Mei

Niko nyumbani. Kizingiti changu, ngazi mbili, paa linavuja palepale. Kabla hatujaondoka mwanangu alisimama getini na ufunguo mkononi, akauangalia kama hajui ulifikaje pale, kisha akampa mkewe. Mkewe akasema, "Sawa."

Jumatano, 7 Mei

Bwana Hatari amechota maji, amepasua kuni, ameunguza wali, ameulaani wali. Kuku wamerudi kuja kumtazama.

Jumatano, 14 Mei

Nilikaa na simu mapajani toka asubuhi. Mvua ya leo ilikuwa rasharasha tu, ya kuaga.

Ilipolia, sauti ya mkamwana ilikuwa juu sana hata nikaitenga na sikio. Waliokuja walikuwa wengi. Wengi bia zao za ngano zilikuwa na ladha ya chai iliyosahaulika jikoni, ndivyo inavyokuwa ukikamua maganda kwa nguvu. Yake yeye, mpishi mkuu aliinyanyua kwenye mwanga, akauliza, "Nani kakufundisha kuchuja?"

"Ukamjibu nini?"

"Nimesema mama mkwe. Hawakuamini. Mama, wamenichukua! Majaribio mpaka mwisho wa mwezi, wakiridhika ndiyo nimeajiriwa moja kwa moja. Na Bwana Mashine nimemtaja."

Mwanangu alikuwa nje anatega ndoo chini ya paa. Alisikia. Aliendelea kuitega ile ndoo muda mrefu kuliko ndoo inavyotegwa.

Jumapili, 18 Mei

Tumekaa kizingitini, yeye anachambua mchele. Amejifunza kuuchambua.

"Nilikuwa naogopa, Mama," akasema bila kuniangalia. "Kwamba akitoka atazoea kule. Asirudi."

"Wewe nilikuwa nakufungia, nikienda zamu."

"Nakumbuka."

"Ulikuwa unafanya nini humo ndani?"

Akatoa jiwe kwenye mchele. "Nakaa mlangoni. Nasikiliza."

Nilimshika kichwa kama nilivyokuwa nikimshika alipokuwa mdogo. Baadaye alimpigia mkewe, simu ikaita ikakatika. Ujumbe ukaja: niko kwenye pipa, siwezi kuacha. Aliusoma mara mbili, akauweka mbali, akarudi kwenye mchele.

Alhamisi, 22 Mei

Plasta imekatwa. Nesi wa zahanati amesema nikanyage taratibu. Mwanangu ameuliza kama likizo yake itatosha. Nimeguna kwa maumivu.

Jumatatu, 26 Mei

Jua siku nzima. Mvua imekwisha.

Asubuhi mwanangu alipokwenda kisimani niliinuka kitandani, nikaenda mpaka mlangoni, nikashuka ngazi mbili, nikawapa kuku mahindi, nikapanda ngazi mbili, nikarudi. Mguu hauumi hata kidogo. Niliposikia ndoo zake zikigongana njiani nilijilaza, nikavuta mkongojo karibu, nikamwita kwa sauti dhaifu aniletee chai.

Majaribio ya mkamwana yanaisha Jumamosi. Nitapona Jumapili.